Fahamu: Kwa nini panya wa maabara si mnyama kisheria Marekani

Mwaka 1965 mbwa aitwaye Pepper, mweupe mwenye madoa meusi, alitoweka nyumbani kwao Pennsylvania. Familia ilimsaka kila mahali, ikaja kugundua kwamba alifia kwenye jaribio katika hospitali moja ya New York. Hasira za wananchi zilichangia kuzaliwa kwa Sheria ya Ustawi wa Wanyama, iliyotiwa saini mwaka 1966.

Marekebisho ya mwaka 1985 yakadai taasisi ya utafiti iwe na kamati ya kukagua kila jaribio kabla halijaanza. Je, kuna njia mbadala? Maumivu yatapunguzwaje? Kwenye kamati hiyo lazima awemo daktari wa mifugo, na mtu asiye wa taasisi hiyo.

Lakini panya, anayetumika kuliko karibu wanyama wote, halindwi na sheria hiyo. Tangu 2002 sheria yenyewe inasema panya na ndege waliozalishwa kwa ajili ya utafiti hawahesabiki kuwa wanyama. Panya huyo anasikia maumivu kama Pepper alivyosikia, na sioni hoja ya haki ya kumwacha nje. Utafiti unaofadhiliwa na taasisi za afya za serikali una kanuni zake zinazomlinda. Kampuni binafsi nyingi hazibanwi nazo.

Desemba 2022 Marekani iliondoa sharti la kujaribu kila dawa mpya kwa wanyama kwanza. Vipimo vya seli za binadamu na vya kompyuta sasa vinaweza kukubaliwa.