Msaada wa serikali kwa kaya maskini Rwanda: jina lako limeandikwa wapi?

Wakazi wengi wa Niboye, wenyeji na wakimbizi, huuliza swali moja: kwa nini jirani yangu anapata msaada na mimi sipati? Jibu mara nyingi ni kwamba majina yenu yameandikwa katika madaftari mawili tofauti. Makala haya yanaeleza madaftari hayo, nani anayatunza, na nini cha kufanya ikiwa jina lako halipo au taarifa zako si sahihi.

Ikiwa wewe ni raia wa Rwanda

Msaada wa serikali huanzia chini. Ngazi ya kwanza ni umudugudu, kisha akagari, umurenge na akarere. Niboye ni umurenge katika akarere ka Kicukiro, mojawapo ya mirenge 416 ya nchi nzima. Umudugudu ndiyo ngazi inayojua nani anaishi katika nyumba ipi, nani ni mjane, nani hawezi kufanya kazi.

Kwa miaka mingi kaya ziliwekwa katika makundi ya Ubudehe. Majirani walikutana na kusema wazi hali ya kila kaya. Malalamiko yalikuwa mengi, kwa sababu kundi hilo lilikuja kuamua mambo makubwa, kama vile mchango wa mituweli na msaada wa masomo ya chuo kikuu. Sasa serikali imehamia kwenye daftari la kijamii linaloitwa Imibereho. Humo huandikwa taarifa za kaya yenyewe: watu wangapi, kipato, nyumba, mali na wenye ulemavu. Hali ya kaya ikibadilika, taarifa zinapaswa kubadilishwa pia.

Mpango mkubwa wa msaada wa fedha ni VUP, ulioanza mwaka 2008. Unasimamiwa na LODA, taasisi iliyo chini ya Wizara ya Serikali za Mitaa (MINALOC). Una njia tatu:

- Msaada wa moja kwa moja: fedha kwa kaya maskini sana ambayo haina mtu mzima mwenye uwezo wa kufanya kazi, kwa mfano mzee anayeishi peke yake.
- Kazi za umma: kaya maskini yenye mtu mwenye nguvu hupewa kazi ya kulipwa, kama kutengeneza barabara. Zipo pia kazi nyepesi zilizo karibu na nyumbani, kwa walio na mzigo wa kulea.
- Mikopo midogo: kwa anayetaka kuanzisha biashara.

Kwa hiyo umaskini peke yake hautoshi kukupa fedha za moja kwa moja. Mwenye nguvu za kufanya kazi huelekezwa kwanza kwenye kazi.

Ikiwa wewe ni mkimbizi

Ukimbizi wako unaandikwa na serikali kupitia wizara inayoshughulikia majanga na wakimbizi (MINEMA), pamoja na UNHCR. VUP inakusudiwa raia, na msaada kwa wakimbizi hutoka katika mfuko mwingine. Kambini, kama Mahama au Kiziba, WFP hutoa fedha za chakula, na tangu mwaka 2021 kiasi hutegemea hali ya kila kaya. Anayeishi mjini hutarajiwa kujitegemea. Una haki ya kufanya kazi, na kitambulisho cha mkimbizi ndicho kitakachokufungulia milango.

Hapa wenyeji nao wasikilize: fedha za chakula anazopata mkimbizi kambini hazikukatwa kutoka mgao wa bibi kizee wa umudugudu wako. Na mkimbizi naye ajue kwamba kiongozi wa umudugudu akimwambia jina lake haliwezi kuingizwa VUP, si lazima iwe chuki. Mara nyingi ni daftari tu.

Mahali tunapokutana: mituweli

Mwaka 2019 serikali na UNHCR zilikubaliana wakimbizi wa mjini waingizwe katika mituweli, bima ya afya ya jamii inayosimamiwa na RSSB tangu mwaka 2015. Tangu hapo mkimbizi na mwenyeji wanaweza kupanga mstari mmoja katika kituo cha afya.

Mwaka wa mituweli huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni. Mchango huhesabiwa kwa kaya nzima. Ukilipia watoto watatu ukamwacha wa nne, kaya yako haijakamilika, na wote wanaweza kukwama. Raia anaweza kulipa kwa wakala. Mkimbizi aulize UNHCR au mshirika wake kabla ya Julai kama mchango wake umelipwa. Usisubiri mtoto augue ndipo uulize. Ukifika hospitali bila barua ya rufaa ya kituo cha afya, unaweza kulipishwa gharama zote, isipokuwa katika dharura.

Fanya haya

1. Ukihamia nyumba nyingine, hata ndani ya Niboye, mjulishe kiongozi wa umudugudu unaotoka na wa ule unaoingia.
2. Mtoto akizaliwa au mtu akifariki, andikisha mapema. Mkimbizi apeleke taarifa hiyo UNHCR pia.
3. Hakikisha jina lako limeandikwa kwa herufi zilezile kwenye kila karatasi. Herufi moja iliyokosewa hukwamisha watu wengi.
4. Kama hukubaliani na uamuzi, anza na umudugudu, kisha akagari, halafu umurenge. Unaweza pia kusema katika mkutano wa wakazi, Inteko y'Abaturage.
5. Kuandikwa hakulipiwi. Mtu akikuomba pesa ili "akuingize kwenye orodha", kataa, kisha toa taarifa.

Msaada hautoshi wote, na orodha haiwezi kuchukua kila mwenye shida. Lakini usikose msaada kwa sababu tu daftari bado linasema unaishi mahali ulipohama mwaka juzi.