Je, Wajua? Mayai mawili na maharage ya jana yanatosha

Unga wa protini unaokorogwa asubuhi mara nyingi hutokana na maji ya maziwa yanayobaki jibini ikitengenezwa. Kipimo kimoja hutoa takriban gramu 20 hadi 25 za protini. Mayai mawili yana kama gramu 12. Nusu kikombe cha maharage yaliyochemshwa huongeza 7 hivi. Umeukaribia kabisa, tena umepata nyuzinyuzi ambazo unga ule karibu hauna, na utamu wa chakula chenyewe!

Unaishi peke yako? Sufuria ndogo inatosha. Kaanga kitunguu na nyanya, mimina maharage, yakianza kutokota vunjia mayai juu, kisha funika mpaka ute ugande. Maharage yaliyobaki yagawe kwenye vibakuli, uyagandishe.