Umenunua kabati la boksi? Litafutie ndugu mapema!

Leo tuache kidogo habari za viwalo na mapenzi, tuzungumzie kitu kinachokula mapene ya vijana wengi kimyakimya. Nina maana ya kabati la vitabu la kufunga mwenyewe, lile linalokuja limelala kwenye boksi pamoja na kipakiti cha skrubu na kijifunguo kilichopinda.

Siku ya kulinunua ni raha tupu. Wewe na mshikaji wako mnakaa sakafuni na bisibisi, saa mbili baadaye geto limependeza, kila anayeingia anasifia. Kasheshe huanza baadaye, pale unapotaka kuliongezea kitu: rafu mbili, milango ya vioo, kipande cha juu, au pacha wake wa kusimama pembeni.

Sisi wa Same tunalijua vizuri hilo. Boksi linanunuliwa Dar au Moshi, linasafiri kwenye buti ya basi, linashushwa stendi, kisha kama kwenu ni Mbaga, Suji au Gonja linapakiwa tena kwenye gari la kupanda mlimani. Mwaka unapita, vitabu vinaongezeka, unamtuma shemeji yako arudi dukani. Anajibiwa: "Zile zilishaisha, bosi. Zimekuja nyingine." Hizo nyingine ni ndefu kwa vidole viwili, na weupe wake ni wa maziwa wakati la kwako ni jeupe la chaki. Ukiyasimamisha pamoja, sebule inakuwa kama timu ya mchangani iliyoazima jezi sehemu mbili.

HATA ULAYA WANALIA

Usidhani ni mikosi ya sisi Wabongo. Hadithi ya fanicha za boksi wengi huianzia mwaka 1956 kule Sweden, ambako Gillis Lundgren wa kampuni ya IKEA aliona meza haiingii kwenye gari, akaitoa miguu. Mwaka 1979 huyohuyo akabuni kabati la vitabu linaloitwa Billy, ambalo limeuzwa kwa mamilioni na linauzwa mpaka leo. Siri yake moja ni kwamba linakua. Unaanza na moja la upana wa sentimita 80, baadaye unanunua la sentimita 40 la kujazia pengo, kipande cha juu cha kulifikisha karibu na dari, na milango ukitaka.

Lakini hata huko mambo hubadilika. Mwaka 2014 kampuni hiyohiyo iliondoa rafu zake maarufu za Expedit na kuleta Kallax. Vyumba vya ndani vilibaki na ukubwa uleule, ila fremu ya nje ikawa nyembamba. Wajerumani walikuja juu, maelfu wakajiunga kwenye kampeni ya Facebook kuitetea Expedit, maana mtu aliyekuwa na nusu ya ukuta alijua nusu ya pili haitafanana tena. Kama mteja wa Berlin mwenye duka mtaa wa pili anapata presha, wewe uliyenunua boksi lisilo hata na jina la kiwanda utapona wapi?

KWA FUNDI WA SAME

Ndiyo maana dawa ya wengi hapa ni seremala. Nilikaa asubuhi moja kwenye karakana ya fundi mmoja mtu mzima, nikaona kazi inavyokwenda. Akaja dada mmoja mwalimu, kateremka na gari la alfajiri kutoka Mbaga, kabeba kitu amekifunga kwenye kanga.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Umetuletea mjukuu?"

"Hapana baba, rafu. Nataka nyingine tatu kama hii. Vitabu vya wanafunzi viko chini, mchwa wameshaanza kuvisoma kabla yao."

Mzee akacheka, akaishika rafu, akapitisha kidole ukingoni. Akauliza kabati lenyewe liko wapi. Akaambiwa liko huko juu.

"Basi mwanangu, hujaniletea kabati, umeniletea ulimi wake. Ulimi wenyewe umevimba. Nikikata kwa kuufuata huu, zote tatu zitagoma kuingia."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba makabati nayo yana mambo ya hali ya hewa. Rafu nyingi za boksi ni chipbodi, yaani vumbi na vipande vya mbao vilivyoshindiliwa kwa gundi, kisha vikavishwa ngozi nyembamba. Pale ngozi inapobanduka ukingoni, unyevu unaingia na chipbodi inavimba, na ikishavimba hairudi. Kule milimani ukungu unaingia hadi chumbani. Huku chini Same ni jua na upepo mkavu, kwa hiyo tatizo linageuka: ubao mbichi ulioteremshwa kutoka mlimani unakauka na kusinyaa. Fundi akikukatia rafu ya ubao mbichi leo, miezi michache mbele utaona upana umepungua na pengine umepinda kama ndizi. Husinyaa zaidi kwa upana, urefu haubadiliki sana.

Mwalimu akapiga simu kwao, mdogo wake akachukua futi na kupima ndani ya kabati mara tatu. Juu sentimita 76, katikati 76 na milimita 2, chini 76. Mzee akaandika kwa chaki: sentimita 75 na milimita 8. Unafuata kipimo kidogo kuliko vyote, kisha unatoa milimita 2 za kupumulia.

MATUNDU YANA SHERIA

Kuna jingine ambalo mafundi wengi wanaopima kwa inchi huliparamia. Yale matundu madogo ya ndani ya kabati, unapochomeka vijipini vya kubebea rafu, mara nyingi hufuata kipimo cha viwanda vya Ulaya: tundu lina upana wa milimita 5, na kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya jingine ni milimita 32. Inchi moja na robo ni karibu sana na hapo, milimita 31 na robo tatu. Fundi anajisemea "si hiyohiyo tu?" Siyo! Ukifika tundu la ishirini umeshahama karibu milimita 5, yaani karibu upana wa tundu zima, na rafu italala upande upande. Kwa hiyo ukichongesha pacha wa kabati lako, mwambie fundi aweke futi upande wa milimita, au atumie ubavu wa kabati la zamani kama kiolezo cha kutobolea.

Unene nao uangalie. Chipbodi nyingi za fanicha ni milimita 16 au 18, wakati ubao wa inchi moja ukishapigwa randa hubaki na milimita ishirini na kitu. Kwa rafu za ndani unene huo hauna ubaya, tena ni nguvu. Rafu ya chipbodi ya sentimita 80 ikijazwa vitabu hulegea katikati, ila ya ubao inavumilia. Kwa milango ni kesi nyingine, maana bawaba za kiwandani zinadai unene wake na tundu lake.

RANGI NDIYO MCHAWI

Rangi inawashinda hata mabingwa. Mbao hubadilika kwa mwanga na umri. Ile ya msindano uliyonunua nyeupe, baada ya muda inakuwa ya njano, hivyo pacha wake mpya ataonekana kama mgeni hata akitoka mti huohuo. Ukimpaka vanishi afanane leo, baadaye naye atakolea na kumpita mwenzake.

Mzee alimpa mwalimu ujanja ambao nimeupenda. "Rafu mpya usizirundike pamoja. Zipishanishe, moja ya zamani, moja mpya. Watu watadhani ndiyo staili." Akamshauri ubao wa msaiprasi uliokauka vizuri, upakwe rangi nyeupe pande zote sita, hata zile zisizoonekana, ili ukungu usipate mlango. Na wewe ukienda kuchagua mbao usishawishike na ubao wa kamfa wa bei chee unaoletwa usiku. Msitu wa Chome unaozunguka kilele cha Shengena ni hifadhi, na kabati lisikupeleke mahakamani. Wanatutania kwamba Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ashinde kesi ya kuku, lakini kesi ya magogo ya hifadhi hata ng'ombe kumi hawatoshi.

FANYA HIVI

Mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ya kufungua boksi fanya haya:

Moja, tunza karatasi ya maelekezo na ukate ubavu wa boksi wenye jina na namba. Vibandike mgongoni mwa kabati.

Pili, kipini kimoja, skrubu moja na kile kijifunguo, vifunge kwenye kimfuko na uvitundike hukohuko. Mwenye duka hawezi kuotea kipini kwa maelezo ya simu, lakini akikiona kwa macho anaweza kukutafutia.

Tatu, kama unajua utahitaji mawili, nunua mawili siku moja, hata kama la pili litakaa kwenye boksi chini ya kitanda. Haba na haba hujaza kibaba, ila kwa fanicha za boksi haba ya pili huwa haifanani na ya kwanza. Kama mshiko hautoshi, bora uchongeshe kwa fundi tangu mwanzo, kwa sababu kipimo anacho na mwenyewe yupo.

Nne, jua pa kuishia. Kabati lenye ubavu uliovimba usiliongezee mlango. Lifungue, chukua rafu nzima uzifanyie kazi nyingine, uanze upya.

Na tano, usiwe mtumwa wa kufanana. Mwalimu wa Mbaga alirudi jioni na rafu zake tatu zimefungwa kwenye kanga ileile. Weupe wake haukulingana na wa zamani, nami nilimuuliza kama haitamkera.

"Kaka yangu," akasema, "mtihani wa darasa la saba hauulizi rangi ya rafu."

Haya jamani, kazi kwenu. Ukibahatika kupata pacha anayefanana kabisa, tualike tuje kushangaa. Tukutane wiki ijayo!