Mzee Hasikii, Msiseme Amerukwa na Akili

Mwezi huu tunazungumza juu ya wazee wetu na masikio yao. Wazee wa ufukweni, wa Kigwena, Rumonge mpaka Nyanza-Lac, wengi hawasikii vizuri. Umri wenyewe unatosha, na wengine wameishi miaka na kelele za injini za mitumbwi na mashine za kukamua mawese. Sisi tumezoea, tunasema ni uzee tu.

Shida inakuja siku mzee akiugua. Jana alikuwa na akili zake, leo anaweweseka. Anamwita mtu aliyekufa zamani, anang'oa serumu mkononi, usiku anataka kwenda kuvuta nyavu alizoacha zamani. Asubuhi anapata nafuu, jioni inarudi. Mwingine hapigi kelele hata kidogo: anasinzia tu, ukimsemesha anakutazama. Huyo wa kimya ndiye tunayemsahau.

Hapo ndipo maneno ya mashetani na ya kurogwa yanaanza, jirani anashutumiwa, na saa zinapita. Jamani, kuweweseka kwa ghafla ni alama ya hatari. Inaweza kuwa malaria, nimonia, ugonjwa wa mkojo, kukauka maji mwilini, au hata dawa anazokunywa. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Sasa masikio yanaingia wapi? Mgonjwa asiyesikia haelewi yuko wapi, nani amemshika, wala kwa nini anachomwa sindano. Akili inakosa pa kushika. Katika hospitali moja ya New Haven, Marekani, waganga walifuata wagonjwa 852 wenye miaka 70 na zaidi, wakatoa matokeo mwaka 1999. Nusu walitunzwa kwa kawaida; kati yao 15 kwa mia waliweweseka. Nusu nyingine walitolewa nta masikioni, wakapewa vifaa vya kusikilizia, miwani, maji ya kunywa, usingizi wa usiku, wakatembezwa na kuambiwa kila siku wako wapi. Hao walikuwa karibu 10 kwa mia. Hatuwezi kusema ni masikio peke yake, maana mambo yalifanywa pamoja. Lakini tazameni vizuri: mengi ya hayo hata sisi tunayaweza.

Tuanze na nta. Ikijaa inaziba sikio kabisa, na muuguzi anaweza kuitoa. Msichokoe kwa kijiti wala kumimina mawese ya moto, mtatoboa ngoma au kumuunguza. Kwinini nayo huvumisha masikio, kwa hiyo mzee akilalamika wakati wa matibabu, semeni kwa muuguzi, msikatishe dawa wenyewe.

Hospitali, mtu wa nyumbani abaki naye. Kwanza kabisa mwambieni mganga, "Mzee huyu hasikii." Tumeona mzee anaulizwa ana miaka mingapi, anajibu habari za watoto wake, na watu wanacheka eti kichwa kimeharibika. Hakusikia swali! Kaa mbele yake penye mwanga, sema polepole, usipige kelele. Mwambie leo ni siku gani na hapa ni wapi. Ukiwa na hakika anasikia, mwombe ataje siku za juma kwa kurudi nyuma. Kama wiki iliyopita aliweza na leo anapotea njiani, mwambieni mganga mara moja.

Mashine ya kuvaa sikioni ni bei kali, wachache wanaipata. Aliye nayo asiiache nyumbani anapolazwa, na betri ziangaliwe. Asiye nayo, kuna njia waganga wanaijua: kile kifaa cha kusikilizia kifua, mzee anavalishwa masikioni, halafu unaongea taratibu kwenye kile kisahani cha mwisho. Muombeni muuguzi awaazime dakika tano, hasa jioni, giza linapoanza.