Undugu wa Bweni na Safari ya Lushoto

Mwaka ukikaribia kuisha, Costa za kukodi hupanda kona za Mombo kwenda Lushoto zikiwa zimejaa watu wa miaka hamsini na sitini waliosoma pamoja, wamevaa fulana za rangi moja, na hukumu juu yao huwa ile ile. Vijana husema wazee wanaiga Wazungu. Wahubiri husema fedha za safari zingelisha yatima. Watembeza wageni huwahesabu kuwa watalii wa ndani, tena watalii wasiojua kutalii, kwa sababu wakifika Irente, pale ukingoni mwa mlima ambapo nyika ya Mazinde imetandazwa chini hadi macho yanachoka, wao huigeuzia mandhari mgongo na kuanza kubishana ni nani aliyeiba makande jikoni walipokuwa kidato cha pili. Hukumu hizi zote zimezaliwa na kosa moja, la kudhani kwamba safari ya waliosoma pamoja ni starehe. Safari hiyo ni mila. Ina asili, ina kazi na ina masharti yake, na inastahili kuelezwa kwa heshima ile ile tunayoipa jando au posa.

Asili yake haiko Ulaya. Katika nchi hii njia imezaa undugu tangu zamani. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ulikuzwa na misafara iliyotembea kati ya Tabora na pwani. Mpagazi aliyefia ugenini alihitaji mtu wa kumzika, na mtu huyo akawa mtani wake, mwenye haki ya kumtukana akiwa hai na wajibu wa kumfukia akifa. Sambamba na undugu wa njia kulikuwa na undugu wa rika. Waliotoka jando moja walibaki kitu kimoja maisha yao yote. Kwa Wamaasai, sherehe ya eunoto huwavusha morani wa rika moja kwa pamoja, hakuna anayevuka peke yake. Wanyakyusa walifika mbali zaidi, wakawaacha vijana wa rika moja wajenge kijiji chao wenyewe, waoe humo na kuzeeka humo, jambo lililomvutia mwanaanthropolojia Monica Wilson hadi akaliandikia kitabu kizima mwaka 1951. Shule ya bweni ilipokuja, ilirithi yote mawili, njia na rika. Anayesema mila hii imeigwa anatazama fulana na kamera tu. Kanga nazo zilichapwa Ulaya na India miaka mingi, lakini sijasikia mtu akisema kwamba kumtunza bibi harusi kwa kanga ni desturi ya Wazungu.

Urithi huo ulikomaa baada ya Azimio la Arusha. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliiwezesha serikali kuzichukua shule za misheni, na nafasi za sekondari zikagawiwa kwa kuitazama nchi nzima. Mtoto wa Bukoba aliweza kupelekwa Songea, wa Newala akajikuta Tabora, wa Rombo akaenda Dodoma. Walisafiri kwa waranti za serikali, wakilala kwenye mabehewa ya Reli ya Kati, tranka la bati likiwa kiti mchana na mto usiku. Hapo ndipo darasa lilipoanzia, kabla hata njuka, mwanafunzi mgeni, hajaliona geti la shule. Yaliyofuata yanajulikana: mchakamchaka alfajiri, foleni ya bwalo, jembe la shamba la shule kwa jina la Elimu ya Kujitegemea, kiranja wa bweni na tochi yake. Lisilosemwa sana ni kwamba mtoto wa miaka kumi na minne aliyepandwa na homa ya malaria usiku wa manane hakuwa na mama karibu. Aliyembeba mgongoni hadi zahanati alikuwa mtoto mwenzake, ambaye lugha ya mama yake ilikuwa nyingine kabisa. Darasani walisoma kwa Kiingereza. Bwenini, gizani, walifarijiana kwa Kiswahili. Umoja wa taifa tunaouhutubia majukwaani ulishonwa kwa sehemu kubwa katika vyumba vile vya vitanda vya ghorofa.

Sasa kwa nini wasikutane tu kwenye ukumbi wa Dar es Salaam, wale, waagane? Kwa sababu mjini kila mtu ana cheo chake. Kuna mwenyeji na mgeni, kuna bosi na mwombaji, kuna anayekuja na dereva na anayeshuka kwenye daladala. Lushoto, Marangu au ukingo wa Ngorongoro si nyumbani kwa yeyote kati yao, ndiyo maana wanakwenda huko. Mlimani wote ni wageni, wote wanaisikia baridi ile ile, wote wamebanana katika basi moja kama walivyobanana behewani. Mheshimiwa huitwa tena jina la utani alilopewa siku alipomwaga uji, na akilikataa jina hilo anakuwa ameikataa safari. Kwa wanawake waliosoma shule kama Weruweru, Msalato au Tabora Wasichana, jambo hili ni zito kuliko wanaume wanavyoweza kulifahamu. Mwanamke aliyeitwa Mama Fulani kwa miaka thelathini, kisha Bibi Fulani, husikia jina lake mwenyewe, lile la kwenye daftari la mahudhurio, likiitwa kwa sauti na mtu aliyemjua kabla hajawa mke wala mama wa yeyote. Kwa waume wanaonung'unika kwamba mke mtu mzima anakwenda milimani kufanya nini, jibu ni hilo: anakwenda kuitika.

Muziki wa usiku, keki na picha za drone si kiini cha mila hii, navyo havinishughulishi. Kiini ni wafu. Hakuna safari ya namna hii isiyosimama kimya kwa ajili ya waliotangulia, na mara nyingi basi huacha barabara kuu, likaingia kijijini kwenye kaburi la mwenzao au la mwalimu wa hesabu aliyewachapa wote. Kundi lile lile la WhatsApp linalopanga safari ndilo linalotangaza msiba, linalokusanya rambirambi, linalomtuma mtu mmoja asafiri usiku kucha ili jeneza la mwenzao lisikose mkono wa bweni. Wajibu wa mtani wa msafara umo humo.

Pingamizi la gharama lina uzito, nami silipuuzi. Safari inayokwenda hoteli ya kifahari kwa kiingilio asichoweza kukimudu mwalimu wa shule ya msingi imevunja sharti la kwanza la mila yenyewe, na iitwe starehe tu. Makundi yanayojua maana yake huchanga kidogo kidogo mwaka mzima kwa simu, na mhazini peke yake ndiye anayejua nani hakutoa. Pingamizi la upendeleo, kwamba waliosoma pamoja hupeana kazi na zabuni, ni zito zaidi, kwa kuwa ni kweli hutokea. Lakini upendeleo wa namna hiyo hufanyika kimyakimya ofisini, na ungefanyika hata kama hakuna aliyewahi kupanda Lushoto. Tena ukilinganishwa na upendeleo wa ukoo na kabila, ambao nchi hii ilijitahidi kuung'oa, huu angalau humkutanisha Mhaya na Mmakonde.

Kinachoitishia mila hii ni kingine kabisa: vijana wa pande mbalimbali za nchi hawachanganywi tena kama zamani. Huduma ya lazima ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) ilisitishwa mwaka 1994, na iliporudi mwaka 2013 ilirudi ikiwa nyembamba. Tangu katikati ya miaka ya 2000 shule za kata zilijengwa kila mahali, na nani atathubutu kuzilaumu? Zimewafungulia mlango wasichana na watoto wa maskini ambao mfumo wa zamani uliwaacha nje kwa maelfu. Nakiri pia kwamba kidato cha tano bado hupangwa kitaifa, na shule chache za vipaji, kama Ilboru na Kibaha, bado zinachanganya watoto wa kila upande. Lakini kidato cha tano na cha sita ni chini ya miaka miwili, ya vijana waliokwisha komaa, macho yao yakiwa kwenye mtihani, hawabebani mgongoni. Wengi zaidi, wale wa shule za kata, hukaa miaka minne yote na majirani zao wa tangu utotoni, jioni wanarudi nyumbani kula. Wao wakitaka kukutana uzeeni hawatahitaji basi wala mlima, watatembea mtaa wa pili. Atakayekosekana ni yule wa Kasulu ambaye angelala kitanda cha juu, na hakuna atakayeuliza yuko wapi, maana hawakumjua.