Mazoezi Wakati Chai Inachemka

Ukimuuliza mzazi kama anafanya mazoezi, mara nyingi atacheka kwanza. Mazoezi ni ya wachezaji, atasema, ya wale vijana wanaokimbia asubuhi kando ya mto pale Parramatta. Lakini huenda mzazi huyohuyo alikua akienda shule kwa miguu, akiteka maji, akifua kwa mikono, akigombania daladala au matatu na kikapu cha sokoni mkononi. Mwili ulifanya kazi kutwa na hakuna aliyeita hayo mazoezi. Hapa Sydney gari liko mlangoni, mashine inafua, maji yako bombani. Hatukupoteza uhodari wa michezo, maana wengi wetu hatukuwa nao. Tulichopoteza ni zile shughuli, na presha na kisukari havimwulizi mtu kama aliwahi kucheza mpira.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za kuushughulisha mwili kwa wiki, na mtoto wa miaka 5 hadi 17 wastani wa dakika 60 kwa siku. Hesabu hiyo inatisha. Ila katika mwongozo wake wa mwaka 2020, shirika hilo liliacha sharti la zamani kwamba zoezi lihesabiwe tu likifika dakika 10 mfululizo. Kwa hiyo dakika tatu zako zimo kwenye hesabu.

Basi tuzitafute hizo tatu. Chai ya maziwa haiachwi peke yake jikoni, kila mtu anajua jiko litakavyokuwa ikifurika. Umeshasimama pale, unaisubiri. Egemea kaunta kwa mikono miwili, kunja viwiko hadi kifua kikaribie, kisha jisukume urudi: mara kumi. Inua visigino usimame kwa vidole, ushuke: mara kumi. Chuchumaa nusu, kama mtu aliyetaka kukaa kwenye kigoda akabadili mawazo: mara tano zinatosha kwa kuanzia. Maziwa yakipanda, umemaliza. Hakuna nguo za kubadilisha wala ada ya kulipa. Asiyekunywa chai atafute jambo lake la kila siku: baada ya swala ya alfajiri, baada ya kupiga mswaki, kabla ya kuoga. Muhimu ni kwamba jambo hilo lisikose hata siku moja, ili ndilo likukumbushe. "Nikipata nafasi" haikumbushi mtu.

Kuna msemo kwamba mazoea hujengeka kwa siku 21. Si kweli kwa wengi. Watafiti wa University College London walichapisha mwaka 2010 matokeo ya kuwafuatilia watu 96, kila mmoja akiwa amechagua tendo moja dogo la kufanya kila siku baada ya jambo fulani. Ilichukua takriban siku 66 kwa mtu wa kati mpaka tendo lifanyike lenyewe bila kulazimishwa. Wengine walizoea kwa siku 18, na kuna waliokadiriwa kuhitaji hadi 254. Mazoezi yalichukua muda mrefu kuliko kunywa maji. Habari njema ni kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kitu, waliendelea pale walipoishia. Kwa hiyo ukianza tarehe 1 Juni, siku ya 66 ni tarehe 5 Agosti, na baridi bado ipo. Usijihukumu mwezi wa Julai.

Mwenye presha, mjamzito, au mwenye magoti yanayouma azungumze na daktari wake kwanza. Kifua kikibana, acha papo hapo.

Watoto, kazi yenu ni kuhesabu. Simama karibu na mama, baba au bibi, uhesabu kwa sauti, moja hadi kumi, na ukifika kumi rudi nyuma: kumi, tisa, nane. Kurudi nyuma ndiko kunakowashinda wengi darasani. Ukiona amekosea, mwelekeze: "Kunja goti! Nyoosha kiwiko! Inua kisigino!" Mkubwa hapendi kukatiza mbele ya mtoto anayemhesabia, kwa hiyo mtamsaidia kuliko mnavyodhani.

Na zile dakika 60 zenu? Juni jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, bustani imeshaingia giza. Waombeni wazazi wawafundishe rede, ambayo Wakenya wanaiita kati: wawili wanarusha, mmoja katikati anakwepa. Kwenye fleti msiruke kamba, jirani wa chini atapanda kugonga mlango. Rede ya ndani inachezwa kwa mpira wa soksi, nao hauvunji taa.