MTOTO ACHORE, LAKINI ACHORE MAHALI SALAMA

Ndugu msomaji, leo tuzungumze juu ya afya ya mtoto mdogo. Hatutasema habari za homa wala za kuhara. Tutasema habari za kuchora.

Pita Runzewe wakati wa asubuhi. Utawaona watoto wamechuchumaa uani, wana vijiti mikononi. Mmoja anachora ng'ombe mwenye pembe ndefu. Mwingine anachora lori, kama yale yapitayo barabara kuu kwenda Rwanda. Wazazi wengi husema, "Wanacheza tu." Sivyo. Mtoto anayechora anajenga mkono wake na akili yake.

Mkono na akili hukua pamoja

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hukwaruza tu. Usimcheke, ndio mwanzo. Afikapo miaka 3, watoto wengi huweza kuchora duara. Kwenye miaka 4 huchora msalaba, na mtu mwenye kichwa na miguu. Kwenye miaka 5 huchora mraba. Watoto hawalingani, mmoja huwahi, mwingine huchelewa kidogo. Lakini mtoto wa miaka 5 ambaye hawezi kabisa kushika kijiti na kuchora, mpeleke kliniki akaangaliwe.

Mtoto akitumia mkono wa kushoto, usimpige wala usimlazimishe kubadili. Ndivyo alivyozaliwa.

Mwezi Desemba 2021 Serikali ilizindua programu ya taifa ya malezi na makuzi ya watoto wenye umri wa miaka 0 hadi 8. Programu hiyo inataja mambo matano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, kujifunza mapema, na ulinzi na usalama. Kuchora kunahusu mambo haya ya mwisho. Mtoto hujifunza, mzazi humwitikia, na mzazi humlinda.

Tengeneza kitabu cha kuchora

Vitabu vya kuchorea vinauzwa madukani. Vingi vina picha tayari, mtoto hujaza rangi tu. Si vibaya. Lakini kitabu kizuri zaidi unaweza kukitengeneza mwenyewe bila fedha. Fuata hatua hizi:

1. Kusanya karatasi zenye upande mtupu. Kalenda ya zamani yafaa. Kurasa zilizobaki katika madaftari ya shule zafaa. Usitumie mfuko wa saruji wala karatasi ya dawa ya pamba.

2. Zikate ziwe sawa, zikunje katikati, kisha zishone kwa sindano na uzi.

3. Katika kila ukurasa chora kitu kidogo, usikimalize. Chora duara. Chora mstari wa njia. Chora pembe mbili.

4. Mpe mtoto penseli au kipande cha mkaa, amalizie mwenyewe. Usimwelekeze. Huku kwetu duara ni shimo la dhahabu. Kwa mtoto, duara laweza kuwa jua, chungu, au uso wa bibi.

5. Akimaliza, mwambie, "Hebu nieleze." Msikilize. Kisha andika maneno yake chini ya picha. Hapo na wewe unatumia kisomo chako.

Mtoto aliye chini ya miaka 3 asiachwe peke yake na vipande vidogo. Aweza kuvimeza vikamkaba.

Hatari iliyo karibu nasi

Katika mkoa wetu wa Geita wachimbaji wadogo wengi hutumia zebaki kukamatia dhahabu. Wengine huiita mekyuri. Ni maji mazito yanayong'aa kama fedha. Mtoto akiyaona huyapenda, atataka kuyachezea.

Zebaki ni sumu. Inapochomwa hutoa moshi usioonekana. Hata bila kuchomwa hutoa mvuke kidogo kidogo. Mvuke huo huingia mapafuni, hufika kwenye ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Mtu aliyedhurika hutetemeka mikono na husahau. Basi mkono ule ule tunaoufundisha kuchora ndio zebaki inaouharibu. Mtoto hudhurika upesi kuliko mtu mzima, kwa sababu ubongo wake bado unakua. Hata aliye tumboni hudhurika mama akivuta mvuke huo.

Kwa hiyo tushike mambo haya:

Mtoto asichore kwenye mwalo, karibu na karasha, wala kwenye marudio. Udongo wa hapo waweza kuwa na zebaki.

Dhahabu isichomwe nyumbani, wala jikoni, wala kwa chombo cha kupikia.

Zebaki isihifadhiwe ndani ya nyumba, wala katika chupa ya soda.

Mchimbaji aoge na abadili nguo kabla ya kumbeba mtoto.

Betri kuukuu zisivunjwe ili kupata kitu cheusi cha kuchorea. Ndani yake mna kemikali. Mkaa wa jikoni watosha.

Mtoto anawe mikono kwa sabuni baada ya kuchora chini.

Zebaki ikimwagika ndani, watoe watoto nje na fungua milango. Usifagie, maana ufagio huisambaza. Mtoto akimeza zebaki au dawa ya pamba, usimtapishe. Mkimbize kwenye zahanati au kituo cha afya, na umweleze mganga alichomeza.

Ndugu msomaji, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Jioni hii, kabla taa haijazimwa, kaa na mtoto wako kwa muda mfupi. Baba naye akae. Mpe karatasi moja na mahali safi. Utashangaa atakayokueleza.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Watoto wa kijiji chenu huchezea wapi? Je, ni mbali na mwalo?

2. Taja vitu vitatu vya nyumbani vifaavyo kuchorea, na vitatu visivyofaa.

3. Zebaki ikimwagika nyumbani, utafanya nini kwanza?